Barua isiyofika hailalamiki

Mtu akichukizwa na mjadala utamsikia. Ataandika kwa herufi kubwa, au atamtafuta msimamizi pembeni kumweleza yaliyomkera. Asiyefikiwa na barua yoyote ndiye hutamsikia, kwani hajui kama kuna neno lililosemwa. Jioni hii nafikiria kimya cha namna hiyo. Wanaoanzisha orodha ya majadiliano ya barua pepe, ambako barua ya mmoja husambazwa kwa wanachama wote, tuseme ya wakarabati wa redio za zamani, hujiandaa kwa ugomvi. Ugomvi una dawa zake, nazo zinajulikana. Kundi hufa kwa barua zinazopotea njiani bila mtu kujua.

Hesabu yenyewe inatosha kumtia mtu adabu. Wanachama 400 wakiandikiana barua 20 kwa siku, seva inatoa nakala 8,000, na kila nakala inabisha hodi kwenye seva ya mtu mwingine inayoishuku. Tangu Februari 2024, anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail anatakiwa awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, yaani sehemu ya anwani baada ya @), DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa ndani ya barua) na DMARC (tangazo la kikoa la nini kifanyike barua isipothibitishwa na hizo mbili) kwa pamoja, na malalamiko ya barua taka yabaki chini ya asilimia 0.3. Kundi dogo halifiki huko, lakini nalo linadaiwa SPF au DKIM, na anwani ya IP (namba ya mtandaoni) ya seva yake lazima ifasirike kurudi kwenye jina. Wengi husahau hilo la mwisho, kwa sababu rekodi hiyo huwekwa na mwenye kukodisha seva, si kwenye mipangilio ya kikoa chako.

DMARC ndiyo inayostahili usiku mzima wa kusoma. Mwanachama anaandika kutoka kikoa chake, seva ya orodha inaipokea barua na kuisambaza ikiwa bado na jina lake juu. Seva inayopokea inauliza mambo mawili: je, mashine hii imeruhusiwa na kikoa cha mwandishi? Hapana. Je, saini ya DKIM bado ni nzima? Nayo imeshavunjika, kwa kuwa orodha imebandika neno [Redio] mbele ya mada na mistari mitatu chini ya barua. Aprili 2014 Yahoo, kisha AOL, walianza kuutangazia ulimwengu kwamba barua za namna hiyo zenye majina ya vikoa vyao zikataliwe. Anayeumia hapo si aliyeandika. Nakala inakataliwa mlangoni kwa wapokeaji, na orodha inawahesabia wao kosa.

Mailman, programu ya kuendesha orodha za namna hii, kwa mipangilio yake ya kawaida humwekea mtu alama moja kwa siku ambayo barua iliyotumwa kwake imerudishwa kwa kukataliwa moja kwa moja. Alama zikifika tano anasimamishiwa barua, anapelekewa maonyo matatu yaliyopishana siku saba, kisha anafutwa. Kwa hiyo mchangiaji mmoja hodari mwenye kikoa kikali, yaani kilichotangaza kama Yahoo kwamba barua hizo zikataliwe, akiandika siku tano mfululizo, anaweza kuwatoa makumi ya watu ambao hawajagusa chochote. Msimamizi akifungua orodha ya waliosimamishwa atadhani anwani zao zimekufa. Asome sababu ya kukataliwa ndani ya barua zilizorudi kabla ya kumfuta yeyote. Kama neno DMARC limo, mkosaji ni orodha.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kutoigusa barua hata kidogo: mada iachwe ilivyo, chini pasiongezwe kitu, ili saini ifike salama. Wanaopenda kuchuja barua watumie kichwa cha List-Id (mstari uliofichika juu ya barua unaotaja orodha), ambacho kimekuwepo kama kanuni tangu 2001 na hakihitaji kibandiko kwenye mada. Ya pili ni kubadilisha jina la mtumaji lisomeke “Fulani kupitia Redio” pamoja na anwani ya orodha; Mailman 2.1.18 ya mwaka 2014 iliweza kufanya hivyo kwa vikoa vikali peke yake. Napenda ya kwanza kwa usafi wake. Lakini orodha inayoondoa HTML (msimbo wa mapambo ya maandishi) au viambatisho itaivunja saini tu, na hapo ya pili haikwepeki.

Ukishabadilisha jina la mtumaji, swali la zamani linarudi: jibu liende kwa nani? Likienda kwa wote, ipo siku barua ya faragha itasomwa na watu 400, na haitarudishwa. Likienda kwa mwandishi peke yake, thamani ya kapasita iliyotafutwa miaka mitatu itabaki kwenye kikasha cha mtu mmoja. Kwa kundi la ufundi nachagua wote, bila kusita, maana jibu ndilo hazina ya kundi. Matangazo ya kuuza na kununua yapewe orodha yake, ambako jibu huenda kwa muuzaji tu.

Kitufe cha kuripoti taka nacho kinatumiwa na watu waliochoka kama mlango wa kutokea, kwa sababu kiko karibu kuliko kiungo cha kujiondoa. Basi mlango halali uwe karibu zaidi: kichwa cha List-Unsubscribe kiwepo pamoja na kile cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Kiungo cha kujiondoa kilichotengenezwa kwa mtu mmoja kisiwekwe ndani ya barua. Akijibu na kuinukuu barua nzima, mwingine atakibofya akidhani ni chake, na aliyejibu atatoweka bila kujua.

Picha: ya MB 6 inakuwa takriban MB 8 ikishasimbwa kwa safari ya barua pepe, na mara 400 ni zaidi ya GB 3 kwa swali moja la waya. Kikomo cha kawaida cha Mailman, KB 40, nacho ni kidogo mno kwa watu wanaohitaji kuonyeshana saketi. KB 500 inatosha. Picha ya upana wa pikseli 1,200 ikipigwa kwa ukaribu huonyesha rangi za rezista vizuri. Barua iliyozuiliwa kwa ukubwa ishughulikiwe siku hiyo hiyo, na ya kwanza ya mgeni vivyo hivyo. Mgeni aliyesubiri siku nne haandiki ya pili.

Kujisajili kuthibitishwe kwa barua, daima. Hata hivyo fomu iwekewe kizuizi cha roboti, kwani kuna wanaozitumia fomu kama hizi kummiminia mtu asiyehusika mamia ya barua za kuthibitisha.

Kimya kinapimika. Fungua anwani za majaribio kwa watoa huduma wanne ambao wanachama wako wanawatumia zaidi, zisajili kwenye orodha, na kila wiki tazama barua imeangukia wapi: kikashani, kwenye taka, au haikufika. Kisha linganisha majina ya waliosimamishwa na ya wiki iliyopita. Wakiongezeka ghafla na wote ni wa mtoa huduma mmoja, tatizo liko kati ya seva yako na yake. Na mtu aliyekuwa akichangia kila mwezi akinyamaza miezi miwili, mwandikie kutoka anwani yako binafsi.

Kimya kikubwa kuliko vyote ni cha siku mwenyeji anapofunga. Yahoo Groups iliondoa hifadhi za makundi Desemba 2019 na kuzima huduma yenyewe Desemba 2020, na makundi yasiyokuwa na nakala yalipoteza kumbukumbu za miaka. Kikoa kiwe cha kundi, ili kuhama kusibadilishe anwani. Kila mwezi ipakuliwe nakala ya hifadhi kwa muundo wa mbox (faili moja lenye barua zote) pamoja na majina ya wanachama, ikae kwa wasimamizi wawili wasioishi nyumba moja. Mara mbili kwa mwaka mmoja wao aifungue kwenye programu ya barua ya kompyuta yake, atafute swali la zamani kuhusu transfoma, na aone kama jibu bado limo.