Chai ya ukutani

Jana namtoa mwanangu shule akaona ile nyumba ya kona kwa fundi cherehani imepigwa X nyekundu, akauliza, baba ile nani kachora? Nikacheka peke yangu, maana akili ilishafika Beijing.

Novemba 2001 hiyo. Julai walishapewa Olimpiki ya 2008, jiji linabomolewa kama halina mwenyewe, na mimi niko mwezi wa tatu wa kusoma lugha, Kichina changu cha kuombea maji. Natafuta kituo cha basi nikapotelea kwenye vichochoro vya hutong, nikakuta ukuta wa matofali ya kijivu mtu kauchora kichwa kwa rangi ya kupuliza, mstari mmoja tu mweusi toka kisogoni mpaka shingoni, kipara, kimetazama pembeni kama kimenuna. Kando yake herufi ndani ya duara jeupe.

Akatokea babu kabeba makaa ya mawe, yale ya duara yenye matundu, kayafunga kamba. Nikanyoosha kidole: Daye, yaani babu, hii nini?

"Chai."

Najua wao chai wanaita cha, ila hiyo i nikaona kaniongezea kwa upendo tu. Xie xie, xie xie daye, asante babu, nikamfuata hadi ndani nikakaa. Mzee wa watu kaduwaa, makaa bado yananing'inia mkononi. Akayaweka chini, akanimiminia maji ya moto kwenye kopo la jamu, nikawa nayanywa taratibu nasubiri majani yaje. Hayakuja. Akachovya kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani, akaandika ile herufi ya ukutani, halafu akaifuta yote kwa kiganja, fyaa. Chai. Akaonyesha dari, chai, kitanda, chai, mlango, chai. Ndo nikaelewa, kumbe ni bomoa.

Aprili nikarudi, hamna ukuta, hamna babu.

Mwenye vile vichwa nilikuja kumjua baadaye sana, Zhang Dali, mzaliwa wa Harbin, aliondoka 1989 akaishi Bologna, Italia, 1995 karudi Beijing akawa anachora kichwa kile kile usiku usiku, zaidi ya mara 2,000, nyingi kwenye kuta zinazosubiri tingatinga, anavipiga picha. Kazi yenyewe kaiita Mazungumzo. Kuna picha yake ya 1998, kichwa kakitoboa kwa nyundo kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, ukichungulia tunduni unaona mnara wa kasri la wafalme na paa lake la dhahabu, halijaguswa hata kigae. Naipenda ile picha, na inanikera pia. Mazungumzo na nani sasa, mbona babu nilipomwonyesha ukuta alisoma herufi tu, kichwa hata hakukitazama? Au alishakizoea, sijui.

Mwanangu kasikiliza yote hayo, kanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ile X ni chai?"

Ndiyo, nikamwambia. Chai ya rangi.