Kipepeo Aliyesingiziwa

Nilipokuwa darasa la sita, mimi na mdogo wangu wa kike tulimaliza likizo ya Desemba kwa bibi, karibu na Tukuyu, ambako mvua haikatiki na migomba huota hadi ukutani. Alasiri moja jua lilipojitokeza, tukiwa tumepumzika chini ya mparachichi, kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa alitua kwenye mkono wa mdogo wangu uliolowa jasho, akakunjua mrija wake na kuanza kuigusagusa ngozi. Kabla ya magharibi shingo yake ilikuwa imejaa vipele, naye analia na kujikuna. Shangazi akatamka kuwa ameumwa na kipepeo, na kwamba vumbi la mabawa yake hupofusha macho.

Bibi alimwita bwana shamba wa kijiji. Baada ya kupokea shikamoo zetu, alimuuliza bibi kwa upole, "Mama, huyu mtoto aliegemea wapi leo?" Tulimpeleka kwenye mparachichi ule, akamulika tochi, na pale kwenye shina tukawaona viwavi wenye manyoya wamejikusanya. Alieleza kuwa kipepeo hana meno wala mwiba. Mdomo wake ni mrija wa kufyonza nekta na vimiminika, na jasho hulifuata kwa ajili ya chumvi. Manyoya ya baadhi ya viwavi ndiyo hukatikia kwenye ngozi yakiwa na sumu. Alibandika plasta shingoni na kuibandua mara kadhaa ili kuyanasa, kisha akaagiza paoshwe kwa sabuni bila kusugua.

Niliumia sana kwa ajili ya kiumbe yule aliyesingiziwa, na tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu yake. Nadhani alikuwa Danaus chrysippus, ambaye akiwa kiwavi hula mimea yenye utomvu mweupe na kuhifadhi sumu inayomtapisha ndege anayemla, lakini haimdhuru mtu anayemgusa. Katika jamii ya vipepeo, wanaoweza kutoboa ngozi ya binadamu ni madume ya baadhi ya nondo, wadudu jamaa wa vipepeo, wa jenasi (kundi) ya Calyptra, wanaojulikana hasa Asia.

Shangazi hakuridhika kuhusu macho. Bwana shamba alimjibu kwamba vumbi lile ni magamba madogo ya mabawa, nayo yakiingia jichoni huoshwa kwa maji safi kama vumbi la barabarani.