Midomo Yangu Ilivyoniharibia Vishale

Nacheza vishale kwenye klabu moja hapa Moshi, mwaka wa tisa huu. Unaanza na pointi 501, unazipunguza hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo, ule ukanda mwembamba wa pembezoni unaohesabu namba mara mbili. Kushuka kutoka 501 hakujawahi kunisumbua. Shida ilikuwa mwisho: imebaki 32, nahitaji dabo ya 16, na mkono unakuwa si wangu. Wengi tunaipenda 32 kwa sababu inasamehe. Ukiangukia 16 ya kawaida unabaki na dabo ya 8, ukikosea vilevile tena unabaki na dabo ya 4. Mimi nilikuwa nashuka nayo mpaka dabo ya 1, mpinzani keshamaliza zamani na ameagiza soda.

"Tuliza akili, kaka!" wenzangu walinipigia kelele. Ushauri huo siupendi hadi leo. Mtu kashindwa kazi moja, unamwongezea ya pili.

Aliyenifumbua macho ni dada anayetuandikia pointi kwa chaki. Anasimama kando ya ubao, kwa hiyo yeye ndiye anayetuona usoni. Siku moja akaniuliza, "Kaka, ukifika kwenye dabo midomo inakucheza. Huwa unasema nini?"

Nilikuwa nasema: kiwiko juu, usiharakishe, kiwiko juu. Nikitafuta 60 mwanzoni mwa mchezo, kushusha pointi tu, sisemi kitu.

Nikaanza kusoma. Mwaka 1984, Bradley Hatfield na wenzake huko Marekani walipima mawimbi ya ubongo ya walenga shabaha hodari wa bunduki. Sekunde za mwisho kabla ya kufyatua, mawimbi ya alfa, yanayopiga kama mara 8 hadi 13 kwa sekunde, yaliongezeka upande wa kushoto wa kichwa. Alfa ikipanda mahali, kwa kawaida mahali hapo pamepunguza kazi, na kwa watu wengi kushoto ndiko lugha inakoshughulikiwa. Yaani wale jamaa walikuwa wamenyamaza ndani kwa ndani, wakati mimi ndiyo kwanza nahutubia.

Hali ya kuzama mchezoni hadi unajisahau, ambayo Mihaly Csikszentmihalyi aliielezea miaka ya 1970 na kuifananisha na mtiririko wa maji, nilishaitafuta sana. Nilifumba macho, nilivaa spika za masikioni, wapi. Nikaachana nayo, nikashughulika na midomo.

Nilianza na jicho. Joan Vickers wa Kanada alionyesha mwaka 1996 kwamba wachezaji mahiri wa kikapu, kwenye mitupo huru, hukaza jicho mahali pamoja mapema na kwa muda mrefu kuliko wengine. Basi nikaacha kuitazama dabo nzima, nikachagua waya wake wa juu tu. Nautazama, napumua nje, nasema moyoni neno moja, "pale", narusha. Nilitaka neno fupi ambalo halina amri ndani yake. "Kiwiko" tayari ni mwalimu. Kila jioni vishale 100 kwenye dabo ya 16, bila kuhesabu vilivyoingia. Wiki ya kwanza nilikuwa mbovu kuliko mwanzo, nikakaribia kuacha. Ilichukua kama miezi mitatu.

Ila anayejifunza asinifuate. Sian Beilock na wenzake waliwapima watu wakisukuma mpira wa gofu kuelekea shimoni, wakakuta wazoefu wanaharibu wanapofuatilia mwendo wao wenyewe, ilhali wanaoanza wanafaidika. Ndiyo maana mpwa wangu bado namwambia: kiwiko juu.

Mwezi uliopita tulicheza na timu kutoka Arusha. Imebaki 32. Cha kwanza kilipita nje ya waya. Cha pili sikikumbuki kabisa. Nakumbuka tu dada anafuta pointi zangu kwa kiganja.

Wiki iliyofuata nilikosa dabo hiyohiyo mara tisa mfululizo. Nikamwendea dada kumuuliza kama midomo imeanza tena.

"Hapana, kaka. Leo umekosa tu."