Albamu ya utulivu ya mpiga dramu wa roki, ikirekodiwa Mtwara

Mpiga dramu wa roki akitaka kutoa albamu yake mwenyewe, laini, ya kusikilizwa usiku, mara nyingi huchukua seti ileile ya bendi akaipiga polepole. Haitoki. Snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, iliyokazwa kwa ajili ya jukwaa, ikiguswa kidogo, hulia kama kopo. Matoazi mazito nayo hayafunguki mpaka yachapwe. Mkono ukilainika, ngozi na chumba navyo vilainishwe, na vitu vingine vitolewe kabisa.

Kuhusu kutoa vitu, msikilizeni Robert Wyatt wa Uingereza, aliyekuwa mpiga dramu wa bendi ya Soft Machine. Tarehe 1 Juni 1973 alianguka kutoka dirishani London, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Besi dramu na hai-hati (matoazi mawili yanayobanwa pamoja) huendeshwa kwa miguu, kwa hiyo seti ya kawaida ilimwishia siku hiyo. Julai 1974 ikatoka Rock Bottom, na prodyuza wake alikuwa mpiga dramu mwingine, Nick Mason wa bendi ya Pink Floyd. Humo Wyatt anaimba, anapiga kinanda na vidude vidogo vya kugonga. Hata sinia limeandikwa kati ya ala zake. Sisi wa pwani hilo tusilishangae, maana upatu wetu ni ndugu wa sinia. Ni albamu nzuri mno, na mafunzo yake yanatumika hapahapa Mtwara, Shangani au Mikindani: ng'oa pedali ya besi kwanza, rekodi wimbo mzima bila hiyo, kisha usikilize kama kweli kuna pengo. Likiwapo, ngoma ya mkono yenye mdomo mpana italijaza bila kuufunika uimbaji.

Snea ndiyo yenye kazi kubwa. Kwa brashi, yaani kifagio cha nyuzi nyembamba, unahitaji ngozi nyeupe yenye mkwaruzo. Ile ya kung'aa huteleza na haitoi ule mfyagio. Legeza skrubu zote, zikaze kwa vidole, halafu tumia ufunguo: nusu mzunguko, ukivuka kila mara kwenda skrubu ya upande wa pili, baadaye robo robo. Gonga sentimita 3 kutoka kila skrubu. Zote zitoe sauti moja. Ukizunguka skrubu kwa kufuatana, ngozi huvutwa upande mmoja na snea hutoa mlio wa kuyumba usioondoka hata ukikaza vipi. Ukitaka mlio mzito wa kijiti, tandika kanga moja juu ya ngozi. Kanga hiyo iondoe unapotumia brashi, kwa sababu nyuzi za brashi haziufikii mkwaruzo. Nyaya za chini ya snea ziguse ngozi tu. Zikilegea sana hutetemeka kila kinanda kinaposhuka kwenye noti za chini, na mtetemo huo hausafishiki baadaye.

Hewa ya chumvi hula skrubu na nyaya hizo. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu, mara moja kwa mwezi, linatosha. Nyaya zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Ngoma ya ngozi ya mbuzi ni habari nyingine: hunywa unyevu na kushuka sauti katikati ya kurekodi. Iote jua au moto kwanza, kisha rekodi sehemu zake zote kwa mkupuo mmoja.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Masika ya huku huanza Desemba na kwenda hadi Aprili, na mvua juu ya bati haina dawa. Msimu wa korosho nao, kuanzia Oktoba, malori hayakomi barabarani. Lakini hata siku kavu bati husema: jua likipanda na likizama hutanuka na kusinyaa, likitoa vile vilio vya ta, ta, ambavyo kwenye wimbo wa roki hakuna angevisikia. Piga kati ya saa nne usiku na saa tisa, kabla ya jogoo na adhana. Zima feni na friji. Nyumba za mawe za Mikindani huzuia kelele za nje vizuri, ila kuta ngumu hurudisha mwangwi. Simamisha magodoro mawili ya sufi nyuma ya mpigaji. Mkeka peke yake hupunguza sauti kali tu.

Maiki mbili zinatosha. Moja juu ya snea, sentimita 80 hivi. Ya pili upande wa tomu kubwa, ile ngoma ya sauti nene. Chukua uzi, upime kutoka katikati ya snea hadi kila maiki: urefu uwe mmoja. Tofauti ya sentimita 17 huchelewesha sauti kwa nusu milisekunde, na maiki zote mbili zikichanganywa, sauti za karibu na herzi 1000 hufutana, snea inabaki kavu kama karatasi. Rekodi kwa biti 24, vilele vikae karibu na desibeli -12. Mvumo wa chumba ukizidi usiongeze geini (nguvu ya sauti inayoingia), sogeza maiki. Kuikaribisha kutoka mita 1 hadi nusu mita huongeza dramu kwa desibeli 6 hivi, mvumo wa chumba ukibaki palepale.

Kasi ya chini ndiyo inayowaaibisha wapigaji hodari. Kwenye mapigo 60 kwa dakika kuna sekunde nzima kati ya pigo na pigo, na mkono uliozoea kujaza nafasi hukimbia. Weka kiliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, ya 120 wakati wa mazoezi, uirudishe 60 siku ya kurekodi. Tumia hedifoni zinazofunika sikio lote na mlio mpole wa kiliki. La sivyo utausikia ukivuja mwishoni, toazi linapofifia. Hapo nyamaza, hesabu sekunde 10 kabla ya kugusa kompyuta, kisha rekodi nusu dakika ya chumba kitupu. Kipande hicho ndicho utakachoziba nacho sehemu uliyoikata.