Hirokazu Tanaka na besi ya Famicom

Anayetaka kumwelewa Hirokazu Tanaka kama mtunzi wa muziki wa michezo ya video, naona aanze na besi, yaani sauti nzito za chini, kabla ya melodi. Tanaka alizaliwa Kyoto mwaka 1957, akasomea uhandisi wa elektroniki huku akipiga muziki katika bendi, na mwaka 1980 akaajiriwa na Nintendo, kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, kama mhandisi wa sauti. Kazi zake za mwanzo zilikuwa milio zaidi kuliko nyimbo. Mlio wa nyayo katika mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, kwa mfano, ni wake.

Baadaye alishiriki kubuni mfumo wa sauti wa Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo ya video nyumbani iliyoingia sokoni nchini Japani mwaka 1983, na jambo hili linaeleza mengi kuhusu utunzi wake. Famicom ina chaneli, yaani njia za sauti, tano: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya kelele, na ya tano ya sauti zilizorekodiwa. Watunzi wengi waliikabidhi chaneli ya pembetatu kazi ya besi kwa kuwa sauti yake ni laini na inashuka chini vizuri, lakini ina sharti gumu: ukubwa wa sauti yake haubadilishwi. Ama inalia, ama imenyamaza. Kwa hiyo anayeiandikia besi hana namna ya kugonga noti moja kwa nguvu na nyingine kwa upole. Kilichobaki mikononi mwake ni urefu wa noti na ukimya unaoifuata.

Tanaka alikuwa mpenzi wa rege na dabu (dub), tawi la rege, muziki ambao besi ndiyo inayoongoza, na ambao noti isiyopigwa ina uzito sawa na ile iliyopigwa. Sijui sharti lipi lingemfaa zaidi mtu mwenye sikio la namna hiyo. Ukisikiliza kwa makini Balloon Fight, mchezo aliouandikia muziki, utasikia besi inayokatwa mapema, inayoacha pengo, kisha inarudi pale ambapo mwili umeshaanza kuisubiri.

Kazi yake ninayoithamini kuliko zote ni muziki wa Metroid, mchezo wa mwaka 1986 unaochezwa ndani ya mapango. Wakati huo muziki wa michezo ya video ulitarajiwa kuwa mchangamfu na rahisi kuimbika, naye akaenda kinyume kabisa. Alitaka mchezaji asiweze kutenganisha muziki na milio ya mchezo wenyewe, kana kwamba pango zima ni kiumbe hai, na melodi ya kumliwaza mtu akaiweka akiba hadi mchezo unapomalizika. Muziki wa ukurasa wa mwanzo unafunguliwa na sauti nzito za chini zinazokwenda polepole, na kwa muda hakuna kitu kingine cha kushikilia. Ulihitajika ujasiri kumnyima mchezaji wimbo kwa saa nyingi hivyo, na naamini ujasiri huo ulitokana na kuijua mashine kwa undani.

Mwaka 1989 ilikuja Game Boy, mashine ya Nintendo ya kushika mkononi, ambayo mfumo wake wa sauti pia una mkono wa Tanaka. Spika yake ni moja tu, lakini aliyevaa hedifoni alisikia chaneli zikigawanywa kushoto na kulia. Muziki wa mchezo wa Tetris wa mashine hiyo, wenye wimbo wa kiasili wa Kirusi na kipande cha Bach, ni kazi yake. Mwaka huohuo alitunga muziki wa mchezo wa Mother pamoja na mwanamuziki Keiichi Suzuki, wakashirikiana tena katika Mother 2 ya mwaka 1994.

Mwaka 1997 alitunga wimbo wa kwanza wa kufungulia katuni ya Pokémon nchini Japani. Miaka miwili baadaye aliondoka Nintendo na kujiunga na kampuni ya Creatures, ambako alikuja kuwa rais mwaka 2001. Wengi wangeishia hapo, kwenye meza ya uongozi. Yeye alirudi jukwaani kwa jina la Chip Tanaka, na mwaka 2017, akikaribia umri wa miaka 60, akatoa Django, albamu yake ya kwanza ya peke yake. Vifaa alivyotumia havikuwa tena na masharti ya Famicom, lakini mapigo ya rege yamo, na besi bado ndiyo inayobeba mzigo.