Kukimbia Lushoto: anza na Irente

Mkimbiaji mgeni wa Usambara aanze na Irente, ukingo wa mwamba nje ya mji wa Lushoto. Kutoka Lushoto mjini hadi ukingoni ni kama kilomita 6, barabara ya vumbi kati ya mashamba na nyumba za watu, kisha ardhi inakatika ghafla na nyika ya Mazinde inaonekana chini kabisa. Mita za mwisho tembea. Mwamba haubembelezi mtu.

Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyetoka Tanga mjini atahema mapema. Ukishindwa kumaliza sentensi moja, umezidisha mwendo. Mlima ukikaza, tembea, mikono juu ya mapaja, si aibu.

Kinachoangusha watu ni mteremko. Wakati wa masika udongo mwekundu unageuka sabuni, unajaa kwenye soli mpaka meno ya kiatu hayaonekani. Simama, kigonge kwenye jiwe, endelea. Piga hatua fupi za haraka, goti likunjwe kidogo, na usiegemee nyuma: kisigino kitatangulia, na ndicho kinachoteleza. Kamba ipite tundu la juu kabisa ibane kifundo, la sivyo vidole vinagonga mbele na kucha zinakuwa nyeusi.

Ukitaka kupanda zaidi, Msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, ni hifadhi. Ulizia kibali na mwongozaji kabla ya kupanda. Maji lita 1 na koti jepesi, maana ukungu hushuka bila hodi.

Ukikutana na bibi mwenye mzigo wa kuni, punguza, mpishe, toa shikamoo.