Nilivyopata makaratasi kupitia binti yangu

Ndugu na marafiki huniuliza nilipataje makaratasi ya kubaki Uingereza, maana wengi walinijua nikiwa sina kitu. Nilikuja kwa viza iliyotegemea ya mume wangu aliyekuwa anasoma. Ndoa ikavunjika, viza ikaisha, nikabaki Leicester na mtoto aliyetoka Dar akiwa bado ananyonya.

Kule kila Mswahili ni mwanasheria. Mmoja alinishauri nijilipue, yaani niombe hifadhi ya ukimbizi. Mwingine alitaka pesa taslimu "akasukume faili", bila risiti. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai Uingereza, ila huyo jamaa hakulitaja hilo. Kwa upande mwingine, msaada wa kisheria wa serikali uliondolewa kwa kesi nyingi za aina yangu tangu Aprili 2013, kwa hiyo asiye na pesa anahangaika. Mimi nilimpata mshauri aliyesajiliwa, mama mmoja wa shirika la hisani, kwa kusubiri foleni tangu alfajiri.

Yeye ndiye aliyenieleza kesi ya Mtanzania mwenzetu, ile inayoitwa ZH (Tanzania). Yule mama aliingia Uingereza 1995, akajilipua mara tatu, mbili kati ya hizo kwa utambulisho wa uongo, zote zikagonga mwamba. Lakini alikuwa na watoto wawili, raia wa Uingereza kwa baba. Februari 2011 Mahakama ya Juu ikampa ushindi. Jaji Lady Hale aliandika kwamba maslahi ya mtoto hutazamwa kwanza, na kwamba watoto hawastahili kulaumiwa kwa aliyoyafanya mama yao. Nilisikia raha, mshauri akanirudisha chini haraka: "Wale walikuwa raia. Wako si raia."

Kilichonibeba mimi ni miaka 7. Mtoto akiishi Uingereza miaka 7 mfululizo, sheria inauliza kama ni haki kumtarajia aondoke. Jibu likiwa si haki, mzazi anayemlea kweli naye anabaki. Mwaka 2018 mahakama ileile ilisema makosa ya mzazi yasiwekwe kwenye mizani hiyo, ingawa kukosa kwake viza bado kunaangaliwa kwa pembeni. Miaka 7 peke yake haitoshi. Lazima uonyeshe mtoto atapoteza nini.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nilikuwa nimeandika kurasa kibao za mateso yangu, mshauri akazisoma kwa heshima, kisha akauliza, "Mtoto yuko wapi humu?" Tukaanza upya. Barua ya kwanza ya shule ilisema binti yangu ana nidhamu na anapendwa na wenzake. Hiyo hata mimi ningeiandika. Nikamwomba mwalimu aeleze kigugumizi cha mtoto: alivyokuwa hafungui mdomo darasani, mtaalamu wa matamshi aliyemwona kwa muda mrefu, mazoezi wanayofanya, na jinsi sasa anavyosoma kwa sauti mbele ya wenzake. Tukaambatanisha daftari lake la kusoma, lile la kusainiwa na mzazi kila jioni, lina sahihi zangu na madoa ya chai.

Maombi yalikataliwa. Barua ya watu wa uhamiaji ilisema nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa hiyo mtoto atazoea Dar bila shida. Tukakata rufaa kwa Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, haki ya maisha ya familia. Shahidi wangu mkubwa akawa bibi mmoja wa Kizanzibari, jirani aliyekuwa akinishikia mtoto. Hakimu alipomuuliza kupitia mkalimani kama mtoto anajua Kiswahili, bibi alijibu: "Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kizungu. Anachoelewa vizuri ni chakula." Hata wakili wa upande wa pili alicheka. Binti mwenyewe sikumpeleka. Aliandika barua yake kwa penseli, ikatosha. Sioni sababu ya kumkalisha mtoto mbele ya watu wanaojadili kama afukuzwe.

Tukashinda. Tulipewa kibali cha miezi 30 kila mmoja. Mimi natakiwa kukamilisha miaka 10 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Yeye njia yake ni fupi zaidi kwa sababu aliomba akiwa mtoto. Ada ingenishinda, maana tozo ya afya tu, ile anayolipa mhamiaji ili atumie hospitali za serikali, kwa mtu mzima ni paundi 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, bado ada ya maombi. Niliomba msamaha wa ada kwa kuwaonyesha taarifa zangu za benki, ambazo kwa kweli zilikuwa zinajieleza zenyewe.

Kwa mwenye kesi kama yangu: kabla hujatoa hata senti, mwombe mshauri wako namba yake ya usajili, uitafute mwenyewe kwenye orodha ya serikali. Na kila karatasi ya mtoto, hata cheti cha kuogelea, weka.